Vyeti kumi na vinne vya mtandaoni, kisha nini?

Swali kutoka Kadutu, Bukavu: "Mimi ni animateri wa maendeleo. Nilisoma ISDR, chuo cha maendeleo ya vijijini, nikafanya kazi miaka sita katika ONG ya hapa mpaka mradi wetu wa maji ulipofungwa mwaka 2025, pesa za Marekani ziliposimama. Tangu hapo nasoma kozi za bure mtandaoni. Nina vyeti kumi na vinne na hakuna ofisi iliyoniita. Sasa shirika langu la zamani limepata kamradi kadogo, na mratibu ananiomba niwafundishe kwa mbali wenzetu tisa walioko Nyangezi, Bunyakiri na Idjwi, maana hakuna pesa ya kuwaleta mjini. Wakati huohuo chuo kimoja cha ng'ambo kinanipa nafasi ya masters ya mtandaoni kwa dola 3,200. Nianze wapi? Na hao wenzangu nitawafundishaje, wakati wengine mtandao wanaupata juu ya kilima tu?"

Jibu:

Dada yangu, anza na hao tisa. Masters iache kwanza, tutaifikia, na vyeti vyako visikukoseshe usingizi. Havikupotea bure. Ila havifanyi ile kazi uliyotarajia vifanye.

Hebu kaa upande wa pili wa meza. Siku hizi likitoka tangazo la nafasi moja ya msimamizi wa mradi hapa Bukavu, bahasha zinamiminika mpaka mlinzi wa getini anachoka kupokea. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025, shirika lake la misaada, USAID, lenyewe likafungwa tarehe 1 Julai mwaka huohuo, na watu wenye miaka kumi na zaidi kazini wakaingia kutafuta kazi kwa mpigo mmoja. Anayechambua CV hizo anakuta ukurasa uleule kwa kila mtu: cheti cha usalama cha BSAFE, cheti cha kuzuia unyanyasaji wa kingono, vitatu vinne kutoka Kaya, viwili kutoka DisasterReady, majukwaa ya kozi za bure za watu wa misaada. Anajua nyingi ni kozi za saa chache. Anajua jaribio la mwisho mara nyingi unaweza kulirudia mpaka upite. Naye mwenyewe anavyo. Anachokitafuta ni mtu atakayemweleza kwa dakika tatu kwamba alijifunza jambo fulani, akalipeleka mahali fulani, likabadilisha hiki na kile, na karatasi ya kuonyesha hii hapa.

Sidharau kozi zenyewe. Kaya ya Humanitarian Leadership Academy, DisasterReady ya mfuko wa Cornerstone OnDemand, Agora ya UNICEF, chuo cha mtandaoni cha FAO: zote zinasomwa bure na zote zina masomo ya Kifaransa. Ukitaka masomo marefu ya kiwango cha chuo kikuu kwa Kifaransa, kuna FUN, jukwaa ambalo serikali ya Ufaransa ililifungua mwaka 2013. Wakubwa wetu walioanza kazi hii Kivu miaka ya 1990 walilazimika kungoja semina ya Nairobi au Kigali, na semina ilikuwa ya wakubwa wa ofisi, si ya animateri. Wewe leo unasoma kitabu kilekile anachosoma mtu wa Geneva, kwenye makao ya mashirika makubwa.

Na kama kuna kozi ulizoanza ukaziacha njiani, usijiite mvivu. Mwaka 2019 watafiti wawili walichapisha katika jarida la Science hesabu za kozi za mtandaoni za MIT na Harvard: kwa mwaka wa masomo 2017–18, katika kila watu mia walioshiriki, waliomaliza walikuwa kama watatu. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua hata somo la kwanza. Hao ni watu wenye umeme na kompyuta mezani. Kinachomwangusha mtu ni kusoma peke yake jambo asilolihitaji wiki hiyo.

Hapo ndipo penye shida ya vyeti vyako kumi na vinne. Nikikuuliza leo kozi ya sita ilisema nini, utakumbuka? Maarifa ya namna hiyo ni kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zisizoanikwa, siku ya tatu hakuna kitu. Wataalamu wa kumbukumbu wamelipima jambo hili vizuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, lingine likafunga maandishi na kujaribu kuandika lilichokumbuka. Dakika chache baadaye waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Wiki moja baadaye mambo yalikuwa yamegeuka: waliojijaribu walikumbuka zaidi. Shika jambo hilo, maana ndilo litakaloongoza namna ya kuwafundisha wenzako tisa.

Sasa tuje kwao. Kati ya yote uliyosoma, chagua kozi moja tu inayogusa kazi watakayofanya mwezi huu. Hukusema kamradi kapya ni ka nini. Mimi nachukulia kwamba bado mko kwenye maji, kwa hiyo nakushauri uanze na Sphere, kile kitabu cha viwango vya chini vya misaada ya dharura, sura ya maji na usafi. Kitabu chake, toleo la 2018, kinapakuliwa bure kwa Kifaransa. Usiwatumie kitabu kizima, kina kurasa zaidi ya mia nne, simu ndogo itakwama. Toa kurasa zile za maji peke yake.

Na kabla ya viwango wape historia yake, kwa sababu ni historia ya hapa. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, waliingia Goma ndani ya siku chache. Kambi zikasimama Kibumba, Katale, Mugunga, juu ya mawe ya volkano ambayo jembe haliingii, choo hakichimbiki. Kipindupindu kikaingia, na kuhara damu nyuma yake. Ndani ya mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Mashirika yalijaa, kila moja na bendera yake na kipimo chake, na hakukuwa na makubaliano ya kiasi gani cha maji mtu mmoja anastahili kwa siku. Tathmini kubwa ya pamoja iliyotoka mwaka 1996 haikuficha maneno. Mwaka uliofuata, 1997, mradi wa Sphere ukaanza, na mwaka huohuo ukaanza mtandao wa ALNAP ambao kazi yake ni kukusanya tathmini na mafunzo ya kazi za dharura. ReliefWeb, ule ukurasa unaoufungua kila asubuhi kutafuta kazi, ulizaliwa Oktoba 1996 kutokana na msukosuko uleule, kwa sababu habari zilikuwa zimetawanyika na hakuna aliyejua mwenzake anafanya nini. Kwa hiyo kijana wa Idjwi anaposoma kwamba kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, asidhani ni namba iliyoteremka kutoka Ulaya. Ilitokana na watu waliokufa ng'ambo ya ziwa lake.

Kisha watoke nje. Hapa nataka ukae kidogo, maana somo zima liko hapa. Sphere inasema robine moja isihudumie watu zaidi ya 250, kwa hesabu ya robine inayotoa lita 7.5 kwa dakika. Namba hizo ukizisoma kwenye simu zinapita kama upepo. Waambie hivi: kila mmoja achukue bidoni ya njano ya lita 20, aende kwenye robine ya kijiji, afungue saa ya simu na kuhesabu inajaa kwa muda gani. Kwa kiwango cha Sphere bidoni hiyo ijae kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikichukua dakika tano na nusu, robine hiyo inatoa chini ya nusu ya kinachotakiwa. Halafu wapige hesabu: watu 250 mara lita 15 ni lita 3,750, kwa lita 7.5 kila dakika, hiyo ni dakika 500, yaani saa nane na dakika ishirini za maji kutoka bila kusimama. Je, robine ya kijiji chao inatoa maji saa nane mfululizo? Watu wangapi wanaitegemea? Mtu wa mwisho kwenye foleni amesimama muda gani, na Sphere inataka isizidi nusu saa? Waandike kwenye daftari, wapige picha ya ukurasa ule, wakutumie.

Ukipokea picha tisa za madaftari, tayari una kitu ambacho ofisi nyingi za mjini hazina: hali ya robine tisa, zilizopimwa kwa namna moja, wiki moja. Ni ukurasa mmoja wa ripoti ambao mratibu wako anaweza kumwekea mfadhili mezani. Na hao tisa hawataisahau ile 7.5.

Mtandao. Usifanye Zoom. Najua mratibu atataka Zoom kwa sababu wafadhili wanafanya Zoom. Saa moja ya kikao cha video inaweza kula mega 500 au zaidi kwa kila mtu, ukizidisha kwa tisa unaona mwenyewe forfe, kile kifurushi cha intaneti, inavyokwisha kabla ya salamu kwisha. Sauti peke yake ni kama mega 30 kwa saa. Na audio ya WhatsApp ya dakika nne ni nusu mega hivi, nayo ina uzuri mmoja ambao video haina: inangoja. Wa Bunyakiri akipanda kilima chake jioni, simu inashusha audio zote, anateremka nazo nyumbani, anazisikiliza mara tatu usiku taa ikiwa imezimwa. Hahitaji kuwa hewani saa ileile na wewe.

Kwa hiyo wiki yako iwe hivi, na uirekebishe unavyoona. Jumatatu tuma audio moja, dakika nne au tano, isizidi, yenye wazo moja. Sema taratibu, na uitayarishe kwenye karatasi kwanza. Audio ya mtu anayetafuta maneno inachosha kuliko hotuba. Weka pamoja nayo picha moja au ukurasa mmoja wa PDF. Toa kazi moja ya kufanya kijijini. Alhamisi wakutumie majibu. Jumamosi tuma audio ya pili: umepokea nini, nani kaona nini, wapi umekosoa. Ukimtaja mtu kwa jina kwamba kazi yake ilikuwa nzuri, wiki inayofuata utapokea majibu mapema kutoka kwake. Ni mambo madogo lakini ndiyo yanayoshika kundi.

Audio ya kila Jumatatu ianze na maswali mawili ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa. Ndiyo ile habari ya Roediger na Karpicke. Usiwape alama, usiwaaibishe. Wajibu tu kabla ya kusikiliza sehemu inayofuata.

Kuhusu lugha, kozi ni za Kifaransa, na kati ya hao tisa najua kuna wawili watatu wanaosoma Kifaransa cha ripoti bila shida na wengine wanaotikisa kichwa tu ili wasionekane. Fundisha kwa Kiswahili chetu, kile cha soko la Nyawera. Maneno ya kazi kama TDR (hadidu za rejea), indiketa, bajeti yabaki yalivyo, kila mtu anayajua. Wao watayashusha tena kwa Mashi, Kihavu au Kitembo wakifika kwenye mkutano wa kijiji. Waombe wakurekodie sekunde thelathini za maelezo hayo kwa lugha ya nyumbani. Hata usipoelewa Kitembo, utasikia kama mtu anasoma au anaongea, na hilo linakwambia kama ameelewa.

Kwa wale ambao hata kilima hakisaidii, tumia kadi ya memori. Weka humo audio za mwezi mzima na kurasa za PDF, mpe mtu anayepanda boti kwenda Idjwi au mwenye taxi-moto mnayemwamini. Tena ukipata kompyuta ndogo kwenye ofisi ya kule, tafuta Kolibri au Kiwix. Zote mbili ni programu za bure zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wasio na mtandao, unapakia mara moja mjini kisha watu wanasoma bila intaneti. Kozi zinazoendeshwa kwa Moodle nazo zina programu ya simu inayokubali kupakua masomo na kuyasoma nje ya mtandao, ikiwa mwenye kozi ameruhusu. Jaribu kwenye simu yako kwanza kabla ya kumwahidi mtu.

Inite zao za mtandao zilipwe na mradi. Liweke kwenye bajeti kama unavyoweka usafiri, na lipelekwe kwa pesa ya simu mwanzoni mwa mwezi. Mratibu akisema hakuna mstari huo, mwonyeshe gharama ya kuwaleta watu tisa Bukavu siku mbili, na chakula, na kulala. Sijaona mratibu aliyebisha baada ya hesabu hiyo.

Jambo moja silifanyii mzaha. Katika hali tuliyo nayo Kivu tangu mwanzo wa 2025, simu inaweza kushikwa barabarani na mtu yeyote. Kundi lenu la WhatsApp lisiwe na majina ya wanufaika, wala picha za nyuso, wala mahali hasa watu waliohama wanapolala, wala hadithi ya mwanamke aliyetendewa unyama hata ukiondoa jina lake, kwa sababu kijijini watamtambua kwa hadithi tu. Picha za robine na za daftari zinatosha. Washa ujumbe unaojifuta. Na kundi liitwe jina la kawaida, "Masomo ya maji", basi.

Umeniuliza namna ya kufundisha, lakini kuna upande wa pili ambao barua yako haikuugusa nao ndio unaoweza kukutoa: kile ambacho hao tisa wanajua na Geneva haijui. Chukua ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioingia Congo kupitia Masisi mwaka 2001 na kuteremka mpaka kwetu. Ushauri wa mwanzo uliotolewa kwa wakulima ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Kwenye karatasi ushauri ulikuwa sahihi. Shambani mama mwenye migomba mia mbili na jembe moja hakuweza, na hata angeweza asingekubali kubaki bila mgomba wowote, kwa hiyo watu walitikisa kichwa mbele ya mtaalamu na kuendelea kama kawaida. Baadaye watafiti, wakifanya majaribio pamoja na wakulima huku Kivu Kusini na kwingine katika Maziwa Makuu, walionyesha kwamba kukata ule mgomba mgonjwa peke yake usawa wa ardhi, mara kwa mara, panga likipitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, kunaushusha ugonjwa na shamba linabaki. Ushauri mpya ulitoka kwa kuangalia kile ambacho mkulima anaweza kukifanya kweli. Lakini kama hakuna aliyeandika kwamba ule wa kwanza haufanyiki, wataalamu wangeendelea kuusema mpaka leo.

Kwa hiyo mwisho wa kila mwezi fanya na kundi lako kikao cha maswali manne, kwa audio hivyohivyo. Tulitaka kitokee nini? Kilitokea nini? Kwa nini tofauti? Mwezi ujao tufanye nini? Njia hiyo ilianzia katika jeshi la Marekani miaka ya 1970, na inafaa kwenye kamati ya maji kama inavyofaa kwenye MUSO, kile kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana. Ugumu wake uko kwenye swali la tatu, maana watu wetu wana adabu na hawapendi kumtaja mkubwa. Utasikia "ni mvua", "ni barabara". Vumilia. Uliza tena: robine ya juu na ya chini zilipata mvua ileile, kwa nini ya chini imekufa? Polepole itatoka kwamba pesa za matengenezo alikuwa anashika mtu mmoja, au kwamba fundi aliyefundishwa alihamia Kamituga kutafuta dhahabu. Hapo ndipo maarifa yalipo, na hakuna kozi ya Kaya yenye jibu hilo.

Andika kurasa mbili. Kifaransa chepesi, bila "renforcement des capacités" (kuimarisha uwezo) kila mstari. Mahali, tatizo, mlichojaribu, kilichotokea, kisichoeleweka bado, na zile namba za robine. Omba ruhusa ya mratibu, ondoa majina, kisha uzipeleke: kwa kundi la uratibu wa sekta ya maji hapa mkoani, kwa mwalimu wako wa ISDR ambaye wanafunzi wake wanatafuta mada kila mwaka, na kwa redio pia. Redio zetu za jamii zilikuwa zinafundisha kwa mbali kabla intaneti haijafika Bukavu, na mtangazaji anayejua kazi yake atachukua zile kurasa mbili na kutengeneza kipindi cha nusu saa. Kuna pia KM4Dev, kundi la kimataifa la watu wanaoshughulika na kushirikishana maarifa ya maendeleo, lipo tangu mwaka 2000. Mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza, lakini ukiuliza swali lenye mfano halisi watu hujibu.

Usidhani ni kazi ya bure. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za dharura zifike kwa mashirika ya wenyeji, kwa njia ya moja kwa moja iwezekanavyo. Hawakufika hapo, karibu na hapo hawakufika. Lakini wanapokuja kutafuta shirika dogo la kufanya nalo kazi, wanauliza maandishi, na mashirika mengi ya huku yana ripoti za fedha tu.

Kwenye CV yako sasa vile vyeti kumi na vinne vifute kumi na kimoja. Bakiza vitatu vinavyolingana na nafasi unayoomba. Mahali pake weka mistari miwili: "Niliendesha kwa WhatsApp mafunzo ya viwango vya Sphere kwa animateri tisa katika maeneo matatu ya Kivu Kusini, tulipima robine tisa na kuandika maelezo ya kurasa mbili (yameambatishwa)." Atakayekuita kwenye mahojiano atakuuliza juu ya mistari hiyo, na utakuwa na la kusema mpaka muda uishe. Kama unataka cheti kimoja chenye uzito zaidi, tazama Project DPro, ya usimamizi wa miradi ya maendeleo, ile iliyokuwa ikiitwa PMD Pro. Mwongozo wake unapakuliwa bure na upo kwa Kifaransa, mtihani ndio unaolipiwa. Soma mwongozo na kundi lako kwanza, kisha lipia mtihani ukiwa na hakika.

Webinari ni nzuri pia, ila angalia saa. Wengi wanakosa kikao kwa hilo. Wakati wa majira ya joto ya Ulaya saa ya Geneva na ya Bukavu ni moja. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi sisi tuko mbele kwa saa moja. Wakiandika saa 14 GMT, kwetu ni saa kumi jioni mwaka mzima. Na jiandikishe hata kama unajua hutakuwa na mtandao, kwa sababu wengi huwatumia waliojiandikisha rekodi na slaidi, nawe unazipakua usiku.

Tumefika kwenye masters. Dola 3,200 ni pesa nyingi kwa mtu asiye na mshahara, na kwa hali ya sasa sikushauri uzilipe mwaka huu. Kama moyo bado unataka, kiandikie chuo hicho uulize mambo haya, na wajibu kwa maandishi. Nani anakitambua katika nchi kilipo, na je, Wizara ya Elimu ya Juu kule Kinshasa imewahi kutoa ulinganifu kwa diploma yake, maana bila karatasi hiyo hutafundisha ISDR na serikali haitaihesabu? Je, unaweza kulipa somo moja moja na kusimamisha ukikosa pesa bila kupoteza uliyoyapita? Mtihani unafanywaje, kwa kamera iliyowashwa saa tatu mfululizo? Kama ndivyo, umeme wa Kadutu utakuangusha kabla ya mwalimu. Nani anasimamia tasnifu, na utaruhusiwa kuandika juu ya kamati za maji za Kivu ukitumia data ya wenzako tisa? Chuo chenye heshima kitakujibu yote hayo bila haraka. Kile kinachokupigia simu kwamba punguzo linaisha Ijumaa, usikipokee tena.